Mchumia Juani, Nani Alaye Kivulini?



Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za Kiswahili katika shule moja ya sekondari upande wa Masaka. Mada tuliyoitunga ilikuwa ile ile ya siku zote, ambayo bila shaka kila mmoja wenu amepata kuitunga au kuisahihisha: "Umaskini ni matunda ya uvivu. Jadili." Ingawa tuliandika "jadili", sote tulijua kwamba hatukutaka mjadala. Tulitaka mtoto akubali, alete methali tatu au nne, atoe mfano wa jirani mlevi na wa jirani mwenye bidii, kisha ahitimishe kwa kuwausia wenzake washike jembe. Aliyefanya hivyo alipata alama zake na mambo yakaisha.

Msichana mmoja hakufanya hivyo. Aliandika kwamba mama yake huamka saa kumi alfajiri akachota maji, huenda kupalilia mashamba ya watu kwa ujira, hurudi saa saba mchana akalima kibanja chake mpaka jua linapokuchwa, na usiku humenya karanga za kuuza kando ya barabara. Kisha akaandika sentensi moja ambayo sijaisahau: "Mwalimu, nimeutafuta uvivu wa mama yangu, sikuuona." Nilimpa alama sita kati ya ishirini, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umetoka nje ya mada."

Leo naandika kuukana wino ule. Mtoto hakutoka nje ya mada; mada ndiyo iliyotoka nje ya ukweli. Nasema waziwazi, wala sitafuni maneno, kwamba fundisho hili tunalolirithishana mwaka baada ya mwaka ni fundisho la uongo, na kwamba sisi walimu wa Kiswahili tuna hatia kubwa kuliko wenzetu katika kulieneza. Mwalimu wa hisabati hamwambii mtoto kwa nini nyumba yao haina bati. Sisi ndio tunaomwambia, kwa methali na hadithi na insha, na tunamwambia kwa lugha tamu inayokaa kichwani maisha yote.

Hoja yangu ni hii. Pato la nyumba, na tabaka ambalo watu wa nyumba hiyo wanahesabiwa kuwamo, havitokani kwanza na bidii ya mikono yao. Vinatokana kwanza na ardhi wanayoikalia na masharti ya kuikalia. Na bei wanayopangiwa kwa mazao yao. Na amani au vita vya mahali walipozaliwa. Na shule iliyo wazi kwa watoto wao. Na kalamu ya yule apangaye mishahara. Na sheria isemayo mali ya nyumba ni ya nani. Bidii ipo, nami siidharau; lakini bidii hufuata nyuma ya hayo yote na kufanya kazi ndani ya mipaka yake. Nitayapitia moja moja, nikitumia mifano ya nchi yetu ya Uganda, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba nimeleta maneno ya vitabu vya mbali.

Tuanze na ardhi. Tarehe 10 Machi 1900 ulitiwa sahihi mkataba kati ya Waingereza na Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, na waliotawala kwa niaba yake walikuwa wakuu watatu. Katika mkataba huo nchi iligawanywa kwa maili za mraba, na ndiyo maana hata leo ardhi ya namna hiyo inaitwa mailo. Kabaka alitengewa maili 350. Wakuu na watu wengine wapatao 1,000 walitengewa jumla ya maili 8,000, yaani wastani wa maili nane kwa kila mtu. Mkulima aliyekuwa akiishi juu ya ardhi hiyo tangu enzi za babu zake hakutengewa kitu. Alilala usiku ule akiwa mwenye shamba, akaamka akiwa mpangaji.

Nauliza: wale 1,000 waliwazidi wengine bidii gani? Walilima zaidi? Waliamka mapema zaidi? Hawakuwazidi kwa jembe. Waliwazidi kwa kuwa karibu na meza siku kalamu ilipotiwa wino. Kisha pamba ilipoletwa mwaka 1903 na kuanza kuleta fedha, mpangaji akadaiwa busuulu, yaani kodi ya kukaa, na envujjo, yaani sehemu ya mazao yake. Kadiri alivyolima kwa bidii ndivyo alivyodaiwa zaidi. Madai hayo yalizidi mpaka serikali ya kikoloni yenyewe ikaona hatari, na kwa sheria ya mwaka 1928 ikaweka kikomo cha kodi na kumkinga mpangaji asifukuzwe ovyo. Mwaka 1975 Idi Amin akatoa amri ya kuifanya ardhi yote kuwa ya umma, na kinga ile ya mpangaji ikaondolewa. Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zikarudisha mailo na kumpa mpangaji haki zake kwa maandishi. Hata hivyo, nani kati yetu hajapata kusikia habari za mtu aliyeamka asubuhi akakuta kibanja chake kimeuzwa pamoja na migomba na makaburi ya wazee wake? Mtu wa namna hiyo akiwa maskini, ni haki kumwandikia mtoto wake kwamba chanzo ni uvivu?

Wala jambo hili si la Buganda peke yake. Watu wa West Nile na wa Kigezi walihesabiwa na watawala kuwa hazina ya vibarua. Katika miaka ya 1920 serikali haikutaka kilimo cha mazao ya fedha kiwatie nguvu watu wa wilaya za mbali, kwa kuwa mikono yao ilihitajika katika mashamba ya pamba ya Buganda, katika mashamba ya miwa, na katika ujenzi wa barabara. Hawakunyimwa pamba kwa sababu walikuwa wavivu. Walinyimwa kwa sababu nguvu zao zilitakiwa kwa bei rahisi mahali pengine. Mtu akinyimwa njia ya kupata fedha kwao, akatembea mamia ya maili kwenda kuuza jasho lake kwa wageni, kisha mjukuu wake akaambiwa darasani kwamba umaskini wa kwao ni uvivu, huo si ufundishaji. Hilo ni tusi.

Sasa tuje kwenye bei, na hapa ndipo methali yetu pendwa inapofika mahakamani. "Mchumia juani hulia kivulini." Ni nani nchini Uganda achumaye juani kuliko mkulima wa kahawa? Huichuma juani, huianika juani, huilinda isinyeshewe. Hiyo iliyokauka na maganda yake tunaiita kiboko, na wakati mwingine naona jina hilo linafaa kuliko tunavyofikiri. Je, amekula kivulini?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, serikali ya kikoloni iliwalipa wakulima wa pamba na kahawa chini ya bei ya soko la dunia, na tofauti ikawekwa katika mifuko iliyosemekana kuwa ya kuwakinga siku bei itakapoanguka. Fungu kubwa la fedha hizo likaishia katika shughuli nyingine za serikali. Wakulima hawakuwa wajinga. Waliungana katika chama kilichoongozwa na Ignatius Musazi, wakadai kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Mwaka 1949 ghasia zikazuka Buganda, chama kikapigwa marufuku. Basi hawa hawakuwa wavivu wa mwili wala wa akili. Walitaka kula kivulini, wakaambiwa kivuli kina wenyewe.

Baada ya uhuru, kivuli kilibadilisha wenyewe, jua likabaki lile lile. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa, na maduka na viwanda vyao vikagawiwa wanajeshi na marafiki wa wakubwa. Hapo ndipo lilipozaliwa tabaka ambalo wananchi walilipa jina la Kiswahili: mafuta mingi. Sisi walimu tungalichukua wino mwekundu tukasahihisha upatanisho, tukaandika "mafuta mengi". Lakini maana yake haikuhitaji kusahihishwa na mtu. Kila mmoja alijua kwamba mafuta yale hayakukamuliwa kwa jasho. Mtu alipewa duka jioni, kesho akawa tajiri.

Miaka michache baadaye baridi kali iliua mibuni ya Brazil, mwezi Julai 1975, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno katika miaka ya 1976 na 1977. Mkulima wa Uganda angalitajirika. Hakutajirika, kwa kuwa bei yake ilipangwa na serikali, tena kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani kila siku. Waliokula ni wale waliovusha magunia usiku mpaka soko la Chepkube, mpakani upande wa Kenya. Neno la Kiswahili likapatikana tena: magendo. Tazameni basi, walimu wenzangu, jinsi lugha tunayoifundisha ilivyoshuhudia. Mafuta mingi na magendo, maneno yote mawili wananchi waliyatoa katika Kiswahili ili waeleze jinsi mtu anavyopata bila kuchuma juani. Na sisi darasani tukabaki tunasomesha kwamba apataye ni achumaye.

Kuna ushahidi mwingine wa bei, nao ni wa kuelekea upande wa pili. Takwimu za serikali zasema kwamba mwaka 1992/93 watu 56 katika kila 100 nchini walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Ilipofika 2012/13 walikuwa wapatao 20. Ikiwa umaskini ni matunda ya uvivu, basi itabidi tuamini kwamba katika miaka ishirini uvivu wa Waganda, Watoro, Wasoga na wengineo ulipungua karibu theluthi mbili. Nani atasadiki? Yaliyotokea yanajulikana. Ukiritimba wa bodi ya kahawa uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkulima akaanza kupokea fungu kubwa zaidi la bei ya nje. Mwaka 1994 baridi ikaipiga tena Brazil, bei ikapanda, na safari hii fedha ikamfikia aliyechuma. Mikono ilikuwa ile ile, jembe lile lile, jua lile lile. Kilichobadilika ni bei. Kisha ugonjwa wa mnyauko, uliogunduliwa mwaka 1993, ukaangamiza karibu nusu ya mibuni ya robusta, na kati ya mwaka 2000 na 2002 bei ya dunia ikaanguka vibaya. Waliokuwa wameezeka bati walirudi kukopa chumvi. Je, walikuwa wamegeuka wavivu ghafula?

Tusisahau amani. Watu wa Acholi, Lango na Teso walikuwa na ng'ombe wengi, na kwa maksai waliweza kulima eneo kubwa kwa muda mfupi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe hao walitekwa karibu wote katika vita na uvamizi. Nyumba iliyokuwa ikilima kwa plau ikarudi kwenye jembe la mkono. Kisha vita vya kaskazini vikawasukuma watu makambini, na kufikia mwaka 2005 zaidi ya watu milioni moja na nusu walikuwa wakiishi humo, wakingoja chakula cha msaada, mashamba yao wakiyaona kwa mbali bila ruhusa ya kuyafikia. Niliwahi kumsikia mtu mwenye shahada akisema kwamba watu wale "wamezoea kupewa". Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na Karamoja je? Mwaka 2019/20 zaidi ya nusu ya watu wa huko walihesabiwa kuwa maskini, ilhali mjini Kampala maskini walihesabiwa kuwa wachache mno. Anayetaka kuniambia kwamba mchungaji wa Karamoja, atembeaye na mifugo kutwa akitafuta maji, ni mvivu kuliko karani wa Kampala, na aje atembee naye siku moja tu.

"Basi wapeleke watoto shule," tunaambiwa. "Elimu ndiyo ngazi." Nami ni mwalimu, sitasema elimu si kitu. Lakini ngazi ina wenye kuishika. Shule kongwe zilizotoa mawaziri na mahakimu wetu, kama Namilyango ya 1902 na Budo ya 1906, zilianzishwa kwa ajili ya wana wa machifu na wakuu. Yaani aliyekwisha pewa ardhi mwaka 1900 ndiye aliyepewa na shule. Tabaka likajizaa upya, safari hii likiwa na cheti mkononi. Mwaka 1997 serikali ilifungua milango ya elimu ya msingi kwa wote, na hesabu ya wanafunzi ikaruka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Lilikuwa jambo jema, na anayelibeza hajui kiu ya watu. Lakini wenye nacho walifanyaje? Waliwaondoa watoto wao katika shule hizo, wakawapeleka shule za bweni za kulipia, ambako Kiingereza huanza na uji wa asubuhi. Mtihani wa mwisho wa msingi ukabaki mmoja kwa wote, kana kwamba wote wameanza mbio katika mstari mmoja. Aliyetoka darasa la watoto mia chini ya mwembe anashindanishwa na aliyefundishwa usiku kwa taa ya umeme. Akishindwa, tunamtungia insha juu ya uvivu.

Yule msichana wa Masaka hakumaliza. Muhula uliofuata kiti chake kilikuwa kitupu, kwa kuwa michango ya shule haikulipwa. Hakuna aliyewahi kusema kwamba hakuwa na akili.

Na lugha nayo ina tabaka. Tangu ukoloni, Kiingereza kimekuwa lango la ofisi, na asiyekijua hubaki nje hata kama ana hekima ya kuwatosha walio ndani. Kiswahili chetu kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973, kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini kwa muda mrefu kimeitwa lugha ya askari, ya wachukuzi na ya wauza sokoni. Sisi tunaokifundisha tunajua maana ya kudharauliwa pasipo kosa. Ndiyo sababu nastaajabu kwamba tumekuwa wepesi kuwadharau wengine.

Kama bado yupo miongoni mwetu anayedhani kwamba pato hufuata bidii, atazame chumba chake cha walimu. Kuanzia Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule za sekondari za serikali alipandishiwa mshahara ukafika shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa masomo ya sanaa, mwenye shahada kama yeye, akabaki kwenye milioni 1 hivi. Walimu wa sanaa waligoma mwezi Juni mwaka huo, kisha wakarudi madarasani. Siwaonei kijicho wenzangu wa sayansi; walistahili, na labda walistahili mapema zaidi. Nauliza swali moja tu. Siku ile ya kwanza ya Julai, mwalimu wa Kiswahili aliingia darasani saa ile ile, akafundisha vipindi vile vile, akabeba nyumbani madaftari mengi kuliko ya fizikia, maana insha hazijisahihishi. Je, uvivu wake ulizidi mara nne kati ya machweo ya Juni na macheo ya Julai? Ikiwa jibu ni la, nasi tunajua ni la, basi tumekubali sisi wenyewe kwamba pato la nyumba hupangwa kwa kalamu. Tuliposhika mabango tulidai haki, wala hatukudai tufundishwe bidii. Basi kwa nini tulitambue jambo hili katika nyumba zetu, tulikatae katika nyumba ya mama wa yule msichana?

Tena tunaposema "nyumba", tusidhani kwamba wote walio ndani yake ni wa tabaka moja. Mama hupalilia kahawa, huichuma na kuianika. Siku ya kuuza, mume ndiye aendaye kwa mnunuzi na kurudi na fedha, au asirudi nazo. Mume akifa, jamaa zake huja kuhesabu migomba kabla matanga hayajaanuliwa. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Mirathi vinambagua mwanamke. Bunge lilipitisha marekebisho mwaka 2022. Miaka kumi na mitano kati ya hukumu na sheria! Hesabuni ni wajane wangapi waliofungasha virago katika miaka hiyo. Mjane aliyepokonywa shamba akalala njaa, uvivu wake u wapi? Sheria ilikuwa imelala, wala hakuna aliyeitungia insha.

Najua majibu yatakayokuja. Wa kwanza atasema: "Lakini mimi nawajua majirani wawili, shamba lao sawa, mmoja kainuka kwa bidii na mwingine kaanguka kwa pombe." Ni kweli, nami nawajua. Bidii hutenganisha jirani na jirani waliokaa ukingo mmoja wa mto. Haielezi kwa nini ukingo huu ni wa nyasi na ule wa vigae. Mlevi maskini huitwa mlevi. Mlevi tajiri huitwa mheshimiwa aliyechoka. Uvivu umo katika matabaka yote, lakini ni katika tabaka moja tu unakolipiwa kwa njaa.

Wa pili atasema: "Wana watoto wengi mno." Sikatai kwamba sahani moja ikigawanywa kwa vinywa vinane, kila kinywa hupata kidogo. Lakini mtu asiye na pensheni, wala bima, wala mkopo wa benki, huweka akiba yake katika watoto, maana hana pengine pa kuiweka. Vizazi vinapungua nchini kadiri wasichana wanavyobaki shuleni na watoto wanavyoacha kufa. Idadi ya watoto nayo ni matokeo ya hali, kabla haijawa chanzo cha hali.

Wa tatu, naye ndiye ninayemheshimu zaidi, atasema: "Ukimwambia mtoto kwamba bidii si kila kitu, utamvunja moyo." Ndugu yangu, aliyevunjika moyo ni yule aliyesoma kwa bidii, akalima kwa bidii, akakosa, kisha akaamini kwamba kosa ni lake. Mtoto anayejua kwamba mto una mkondo hupiga kasia kwa akili. Asiyejua hupiga mpaka anazimia, akilaumu mikono yake. Na wale wakulima wa 1949 hawakuvunjika moyo walipofahamu jinsi bei ilivyopangwa. Ufahamu huo ndio uliowasimamisha.

Na yupo atakayesema: "Hii ni siasa, haina nafasi katika gazeti la lugha." Je, kumwambia mtoto kwamba mama yake ni maskini kwa sababu ya uvivu si siasa? Ni siasa ya wenye kivuli, ila imevishwa kanzu ya methali.

Basi natoa mapendekezo matatu kwa chama chetu. La kwanza, mada ile na ndugu zake wote ziondolewe katika mitihani yetu ya majaribio na katika vitabu vya mazoezi tunavyovitunga wenyewe. Mahali pake tumwambie mtoto: "Eleza jinsi nyumba yenu inavyopata riziki, na mambo yanayoizuia kupata zaidi." Hapo tutasoma Kiswahili chenye damu, badala ya mafungu ya maneno yaliyokaririwa.

La pili, methali tuzifundishe zikiwa zinajibizana, kwa maana wahenga hawakuwa wa kauli moja. Tukifundisha "Mchumia juani hulia kivulini", siku hiyo hiyo tufundishe "Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba" na "Ng'ombe wa maskini hazai". Tukifundisha "Mtaka cha mvunguni sharti ainame", tuwaulize wanafunzi ni nani aliyekiweka mvunguni. Lugha yetu imebeba sauti ya mnyonge sawa na sauti ya bwana. Sisi ndio tuliochagua kuisikiliza moja.

La tatu, kanuni zetu za kusahihisha ziseme wazi kwamba mwanafunzi anayeipinga mada kwa hoja na mifano hajatoka nje ya mada. Aadhibiwe kwa sarufi akikosea sarufi, kwa mpangilio akikosea mpangilio. Asiadhibiwe kwa kusema aliyoyaona kwao.

Insha ile sinayo tena, lakini naikumbuka vizuri. Ilikuwa na makosa mawili ya upatanisho na moja la tahajia. Kwa haki, ilistahili alama kumi na saba. Nilimnyima mtoto yule kumi na moja, nami nimeona ni wajibu kulisema hilo mbele yenu, kabla hatujaketi tena kutunga mada za mwaka ujao.